Plafo Niliyokataa Kufunga

Siku yangu ya kwanza kwenye shantie, yaani mahali pa ujenzi, hapa Bunia, nilipewa ndoo mbili. Nilikuwa nimesomea useremala kwenye karakana ya misioni, na cheti kilikuwa mfukoni. Shefu wa shantie, muzee aliyehamia kutoka Butembo, alikisoma chote, akakikunja vizuri, akanirudishia.

"Weye utabeba maji," aliniambia. "Kule juu haiko kazi ya bibi."

Nilibeba maji. Lakini nilitazama, na fundi akichoka nilimwomba nimshikilie ubao. Mwaka wa pili mafundi wawili walikwenda Mahagi kutafuta kazi, Shefu akabaki hana mtu wa plafo, yaani dari. Ndivyo nilivyopanda ngazi. Hakuna aliyenipandisha.

Shida ilianza kwenye nyumba ya mfanyabiashara mmoja, yenye chumba chini ya paa kabisa. Plafo ilitakiwa kufuata mteremko wa paa, kwa jipse, ule ubao mweupe uliobanwa kati ya karatasi mbili, ambao ukilowa unakuwa kama uji. Shefu aliamuru pamba ya vioo, ile ya kuzuia joto, isukumwe mpaka iguse mabati, kisha tufunge haraka. Nilimweleza kwamba usiku wa baridi mabati hutoa jasho upande wa ndani, na lazima ibaki nafasi ya vidole viwili hewa ipite, la sivyo pamba italowa na mbao zitaoza. Aliniuliza nani alinifanya injinia. Mafundi walicheka. Nilishuka, nikaweka nyundo chini mbele yake.

"Shefu, mi sifunge hii plafo. Tafuta mwengine."

"Basi rudia kwako."

Mume wangu alifikiri kesho yake nitakwenda kuomba msamaha. Nilimwomba anisaidie kutoa kitanda cha mama yangu. Mama alilala chumba cha nyuma, ambako paa letu linashuka sana. Mchana mabati yalimchoma, na mvua ikinyesha hakumsikia hata mtu aliyekaa kando yake. Plafo bapa ingemgonga kichwa. Niliamua kufanya humo kazi ile ile niliyofukuziwa.

Pamba ya vioo sikuwa nayo. Wamama wanaopandisha samaki kutoka Kasenyi, kule ziwani, walinipa masanduku yao ya frigolit yaliyovunjika, ile nyeupe nyepesi inayotunza barafu. Niliyasugua kwa sabuni, nikayakata vipande vya kuingia kati ya shevro, mbao zinazobeba mabati. Kila kipande nilikizuia kwa vijiti kisiguse mabati, na chini na juu ya mteremko niliacha matundu ya hewa, nikayaziba kwa wavu, panya wasiingie. Jipse niliinua kwa nguzo yenye kichwa cha T, nikaikaza kwa vis, yaani skrubu, si misumari, kwa sababu kwenye mteremko ubao unavuta chini na msumari unatoka polepole. Viungo nilivifunika kwa bande, utepe wa karatasi, na mastiki, rojo la kuzibia, mara tatu, nikisugua kila mara. Chumba kilinuka samaki siku nne, na mama hakunificha hilo.

Mvua kubwa ya kwanza ilipopita, mama aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza katika chumba kile amejisikia mwenyewe akisali.

Msimu ule ule plafo ya mfanyabiashara ilitoa madoa meusi, kisha ubao mmoja ukaanguka juu ya meza. Shefu alikuja kwangu, peke yake. Alimsalimia mama, akapitisha kiganja kwenye viungo vya plafo yake, akapanda kiti na kuchungulia tundu la hewa. Kisha aliniomba nirudi Jumatatu. Nilimjibu kwamba nitarudi, lakini kwenye plafo neno la mwisho ni langu, na ndoo sishiki tena.

"Bon," alisema. "Plafo ni yako."

Radhi hakuomba, wala sikuingojea.

Baadaye nilifanya kazi mpaka Bule na Mahagi-Port, chini ya mashefu na mainjinia wengi. Wawili walinifukuza kwa sababu ile ile, na mmoja hakunirudisha kamwe. Mabinti wanaojifunza kazi hii leo wananiuliza kama ningekuwa mpole ningefika mbali zaidi. Labda. Sikujaribu. Niliacha kazi siku mabega yangu yaliposhindwa kuinua jipse. Hakuna shefu aliyeniambia inatosha.