Pumzi ya Mwanaidi

Msimu mzima ule niliamshwa na sauti ya mapovu. Dada yangu Mwanaidi alikuwa ameketi mkekani, uani kwetu Bagamoyo, akipuliza maji ndani ya chupa kwa kikonyo cha jani la mpapai. Mafua makali yaliyopita mjini mwishoni mwa miaka ya sitini yalikuwa yamemshika kifua. Homa iliondoka, pumzi haikurudi. Mganga wa zahanati alimwelekeza mama la kufanya: mtoto avute hewa kwa pua, aitoe polepole kwa mdomo uliobanwa, apulize chupani asubuhi na jioni, kisha atembee kidogo kidogo. Mama alikaa nyuma yake na kumwekea mikono mbavuni. "Vuta, mwanangu. Usiharakishe. Haya, toa." Supu ya pweza kutoka kwa wavuvi wa Mlingotini ilikuwa yake peke yake. Mimi mzima nilikula muhogo wangu na hakuna aliyeniuliza nimeamkaje. Nilimwonea kijicho hata kwa kile kikohozi.

Lakini wivu wangu ulikuwa na jambo kubwa zaidi. Mwanaidi ndiye aliyekuwa akiongoza kasida za wasichana kwenye maulidi ya mtaa wetu, na kwetu ubeti huimbwa kwa pumzi moja. Ukikatika katikati, wanawake hutazamana. Alipougua, mama alinipa mimi nafasi ile. Nikashonewa gauni jipya, nikawa napita mtaani shingo juu. Kwa hiyo kila mapovu yalipodumu zaidi, nilijua nafasi yangu inaliwa. Dada akikwama na kushika kifua, moyo wangu ulitulia. Akivuka pale alipokwama jana, niliiacha chai yangu ikapoa.

Maulidi yalipokaribia, dada alitembea kutoka mlangoni hadi kisimani bila kusimama, akarudi anaimba. Mama alilia kwa furaha. Jioni akaniita jikoni.

"Mwachie dada yako, mwanangu."

"Lakini mimi sikatiki, mama. Pumzi ninayo."

"Pumzi unayo. Mwenzio ana sauti."

Alisema hivyo huku akipepeta mchele, wala hakunitazama usoni. Dada aliongoza, na hakukatika hata mara moja.

Juzi mjukuu wangu aliruhusiwa kutoka hospitali huko Dar es Salaam, akapewa kichombo cha plastiki chenye vigololi, avute hewa mpaka vinyanyuke juu. Anavuta peke yake mbele ya televisheni. Wazazi wake wako kazini. Mama yangu ameshatangulia mbele ya haki. Mimi na uzee wangu napanda ngazi bila kuhema, na madaktari hunisifu kifua. Dada bado anaongoza kasida kule Bagamoyo, nami huketi nyuma yake nikiitikia. Siku hizi yeye hukatika katikati ya ubeti. Wanawake hawatazamani tena. Hunyamaza kwa heshima, wakimngoja avute hewa. Hakuna hata mmoja anayegeuka kunitazama mimi.