Ombi Nililolisikia Nusu

Nilipewa kazi ya kuongoza maombi katika ushirika wetu wa wanawake kwa sababu moja tu: sikosi maneno. Wengine hufunga macho, wakasita, wakatafuta pa kuanzia. Mimi nikifunga macho, maneno huwa yameshafika. Mume wangu, ambaye huongea kwa kipimo, husema kwamba namjibu kabla hajauliza, na kwamba siku moja nitamwitikia Mungu "naam" hata hajaniita. Nilikuwa nacheka. Niliona ni kipawa, na nani anaficha kipawa?

Tunakutana kila Alhamisi mchana, nyumba kwa nyumba, kwenye vilima vya juu ya Othaya. Tuko kumi na wawili. Wengi wetu tunachuma chai, kwa hivyo hatuna muda wa kuchezea. Majani yakishapimwa tunakusanyika, tunakula nduma kwa chai, tunasoma neno, kila mmoja anataja haja yake, tunaomba, halafu kila mtu anakimbilia ng'ombe wake. Ng'ombe hana habari ya ushirika.

Mwalimu aliletwa kwetu na kazi ya mumewe. Mume ni askari polisi, alihamishiwa kituo chetu kutoka magharibi, na mke akapata nafasi ya kufundisha Kiswahili katika shule iliyo karibu. Alikuwa mpole, mwenye sauti ya chini, na alipojiunga nasi tuliacha kuomba kwa Kikuyu tukahamia Kiswahili ili asiachwe nje. Tulijivunia heshima hiyo. Taabu ni kwamba Kikuyu hakina l, na ulimi uliokulia humo huiruka l bila kujua kwamba ilikuwepo. Mwalimu tunamwita "mwarimu", chakula ni "chakura", na mahali popote pale kwetu ni "mahari". Kalamu yangu inaijua l vizuri, kama mnavyoona. Ni ulimi tu ambao haukuelewana nayo. Na sikio nalo limejifunza kazi yake. Likisikia r linarekebisha lenyewe na kuendelea na safari.

Alhamisi moja ushirika ulikuwa kwangu. Kila mtu alitaja haja yake: mguu wa mmoja, mtihani wa mtoto wa mwingine. Mwalimu, ambaye kwa miezi minane hakuwahi kutaja lolote, akainua kichwa.

"Mnikumbuke na mimi," alisema. "Mume wangu anatafuta mahari."

Alikuwa na la kuongeza. Niliuona mdomo wake bado uko wazi. Lakini wingu lilikuwa limeshuka kutoka Nyandarua, nguo zangu zilikuwa kwenye kamba, na mimi nilikuwa nimeshaelewa. Nani asingeelewa? Askari wetu wanaishi katika vyumba vya mabati nyuma ya kituo, familia nzima kwenye chumba ambacho mimi nisingewekea kuku. Bila shaka mtu wa namna hiyo anatafuta mahali pa kuhamia.

"Tumesikia, mwarimu," nikamkata. "Hiyo ni kitu ndogo kwa Mungu. Simameni tuombe."

Nikaomba. Siku hiyo niliomba mpaka vikombe vikatetemeka mezani.

"Baba, huyu mzee wa mwarimu anatafuta mahari. Mpe! Na si mahari kidogo, Bwana, mpe mahari kubwa! Fungua mirango yenye imefungwa! Na kama kuna mtu anamzuia, huyo mtu aondoke kwa njia yake, aondoke reo!"

"Mpe, Bwana!" wakaitikia wenzangu. "Aondoke!"

Mwalimu alikuwa analia. Tuliyaona machozi, mmoja wetu akampigapiga mgongoni, na sote tukaridhika kwamba Roho amemgusa. Nikaenda kuanua nguo zangu nikiimba.

Alhamisi iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine, wala ya tatu. Nilikasirika, sitasema uongo. Niliwaambia wenzangu kwamba watu ndivyo walivyo, wakishapata wanachotaka wanampa Mungu mgongo. Wiki mbili tu kabla ya hapo nilikuwa nimewafundisha, kutoka Mithali, kwamba anayejibu kabla ya kusikia anajitafutia aibu. Lilikuwa somo zuri. Nilipolitayarisha nilikuwa namfikiria jirani yangu mmoja wa ng'ambo ya mto, na nilitumaini kwamba ataelewa ni yeye anayesemwa.

Hata hivyo, hasira zangu hazikai. Nilisikia kwamba mjane mmoja hapa juu ana nyumba tupu ya vyumba vitatu, yenye tangi la maji. Jumamosi nikachukua maziwa na mkungu mdogo wa ndizi, nikashuka hadi kituoni kwa mwalimu. Njia nzima nilikuwa natabasamu peke yangu. Sikuwa tu nimeomba, nilikuwa naleta na majibu.

"Karibu, mama," alisema mlangoni. Alikuwa amekonda.

Sikungoja kukaa. "Mwarimu, Mungu ni mwaminifu! Nimekupatia mahari!"

Alikuwa ameshika birika. Akaliweka chini. "Umenipatia nini?"

"Mahari! Vyumba tatu, na iko na tangi. Mwenyewe anataka watu wa kanisa."

Akakaa kitandani na kucheka, kicheko ambacho singependa kukisikia tena. Kilipokwisha akaniuliza polepole, kama anavyouliza darasani, "Mama, siku ile ulisikia nimesema nini?"

Nikamwambia.

"Mimi sikusema mahali," akasema. "Nilisema mahari. Ng'ombe. Mume wangu anatafuta ng'ombe wa kumpelekea baba wa msichana. Anaoa mke wa pili."

Nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Akanieleza yote. Wana mabinti wanne. Watu wa mumewe wamechoka kungoja mvulana, wamemtafutia msichana huko nyumbani, na lililobaki ni ng'ombe tu. Hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata dada yake. Ilimchukua miezi minane kutuamini sisi.

"Wanawake wazima walisimama wakamwomba Mungu ampe mume wangu mahari kubwa," alisema, "na anayemzuia aondoke. Anayemzuia ni nani kama si mimi? Nikasema amina pamoja nanyi. Niliona kama huko juu wameshakubaliana."

"Mwarimu, sisi tunasema tu r. Ni urimi."

"Najua. Nafundisha watoto wenu. Nilielewa nikiwa njiani narudi. Lakini kuelewa hakukunisaidia kitu, mama."

Aibu niliyoisikia haikuwa ya kusikia vibaya. Sikio hukosea. Aibu ilikuwa kwamba mdomo wake ulikuwa bado wazi na mimi nikauona, nikaenda zangu na maneno yangu. Sentensi moja zaidi na tungejua. Nilikuwa nimeithamini zaidi kamba ya nguo.

Na nikafanya nini hapo? Nilifungua mdomo ili niombe. Maombi yalikuwa tayari, ya kuwakemea wakwe, ya kumrudisha mume, ya kufunga hili na kuvunja lile. Mwalimu akainua mkono.

"Usiombe, mama. Si leo."

Nikafunga mdomo. Marafiki wa Ayubu huwa tunawasema sana, lakini tunasahau kwamba walianza vizuri: walikaa chini naye siku saba bila kusema neno, na waliharibu walipoanza kuhubiri. Nimebeba kikapu cha chai kwenye miteremko hii tangu nikiwa mtoto, na sijawahi kufanya kazi ngumu kama kukaa juu ya ile ndoo kimya. Mabinti waliingia, wakala ndizi, wakatoka. Chai ikapoa. Mara mbili nilijiuma mdomo. Nilipoinuka kuondoka, mwalimu alisema tu, "Jumamosi ijayo uko na nafasi?"

Nilimwuliza niwaambie nini wenzetu. Akasema niwaambie habari ya sikio, ya ng'ombe niwaachie ng'ombe. Kwa hivyo Alhamisi nilisimama nikawaambia kwamba nilimkatiza mwalimu nikaomba kitu ambacho hakukiomba, na kosa ni langu. Wakataka kujua alikuwa ameomba nini. Kwetu haja ya maombi ni njia iliyobarikiwa ya kujua habari za watu, na mimi nimeitembea sana. Nikasema sisemi. Yule jirani wa ng'ambo ya mto alinitazama kwa furaha kubwa, na nilistahili. Tangu siku hiyo, mtu akitaja haja yake, namwuliza kama amemaliza. Nikiona mdomo bado uko wazi, nangoja.

Kila Jumamosi nilishuka. Siku nyingine aliongea, siku nyingine tulichambua tu maharagwe. Mwalimu alirudi kwenye ushirika, akaketi karibu na mlango. Mimi nilikuwa naomba nikiwa peke yangu kwenye shamba la chai, nikimsihi Mungu ng'ombe wasipatikane. Walipatikana. Likizo ya Agosti mume alichukua ruhusa kazini akaenda kwao, na aliporudi alikuwa ameshaoa. Nilimkasirikia Mungu, nikamwambia hivyo hivyo, kwa Kikuyu, ili asisikie vibaya.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta mwalimu akisahihisha madaftari ya wanafunzi. Akaweka kalamu.

"Leo omba, mama."

Nilifunga macho, na maneno yakaja kama kawaida yao, mengi na ya moto. Mengi yalimhusu huyo msichana. Nikayafungua macho tena.

"Niombe nini, mwarimu?"

Miaka yote niliyoongoza maombi sikuwa nimewahi kumwuliza mtu swali hilo. Huko nje mabinti zake walikuwa wanaruka kamba, tukawasikiliza wakihesabu.

"Mwombee yule msichana," alisema. "Ana miaka ishirini tu. Mungu ampe mvulana wa kwanza. Wasije wakamfanyia yeye pia walivyonifanyia mimi."

Nilianza kuomba kwa maneno yake, bila kuongeza langu hata moja. Nilifika kwenye "mvulana" nikashindwa kuendelea. Mwalimu akanishika mkono, akamalizia mwenyewe.