"Hapa" Ndipo Wapi?

Siku yangu ya kwanza kazini, ofisi ya wilaya Kibiti, nilikabidhiwa ufagio, ndoo na projekta. Ufagio niliujua. Projekta, ile mashine inayotupa picha ukutani, niliiogopa wiki nzima. Ilikuwa inahema joto kama paka mgonjwa. Shule niliishia darasa la tatu, sifichi. Ofisa Utumishi akaniambia, "Kingwande, kazi yako kubeba, kuwasha, na kubonyeza ukisikia 'inayofuata'. Mengine tuachie sisi."

Vijijini ukuta mweupe ni wa kutafuta, basi nikachukua shuka la mke wangu, la harusi, lisilo na maua. Mpaka leo akilikumbuka ananinunia. Hayo ya nyumbani tuyaache.

Nilianza na Bwana Shamba, huko Bungu. Slaidi zake, yaani zile kurasa za picha, alizijaza maandishi mpaka ungesema siafu wamevamia shuka. Watu walipiga makofi wakaenda zao. Mimi nikadhani nisiyeelewa ni peke yangu.

Kisha nikahamishiwa kwa Bwana Ardhi, na huko ndiko yalikonikuta.

Tulikwenda Mbuchi kwa boti, kuonyesha ramani ya mpaka kati ya msitu wa mikoko na mashamba ya mpunga. Mkutano ukishapitisha, shamba lililoangukia upande wa mikoko halilimwi tena. Tukaingia darasani, madirisha tukayaziba kwa khanga, nikawasha. Bwana Ardhi akatoa kitaa chake cha kuelekezea, chenye nukta nyekundu.

"Kama mnavyoona, mpaka unaanzia hapa, unapita hapa, unatokea hapa."

Mbele alikaa Mzee Matimbwa, mkulima aliyepofuka ukubwani. "Hapa wapi, Bwana Ardhi? Hapa nilipo mimi pana kiti. Mpaka unapita kwenye kiti?"

Darasa zima likacheka. Bwana Ardhi naye akacheka. "Mzee wangu, wajukuu watakueleza nyumbani."

"Nikifika nyumbani si mtakuwa mmeshanyoosha mikono?"

"Kingwande, inayofuata."

Sikubonyeza. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, na kazi yenyewe niliipenda.

"Kingwande!"

"Bado hii haijaisha, bosi."

Wajomba zangu ni watu wa hukohuko, njia zake nimezikanyaga tangu utoto. Nikasimama kando ya shuka nikasema, "Mzee Matimbwa, mstari umeanzia gatini. Msikiti umeuacha mkono wa kushoto, umefuata mfereji hadi ule mkwaju uliopigwa radi. Pale umevuka mfereji, ukaingia bondeni."

"Umevuka?" Mzee akasimama. "Basi dungu langu limeingia kwenye mikoko!" Dungu ni kile kibanda cha juu cha kulindia mpunga. "Mimi nalima mpunga, mabwana. Mnataka nilime kaa?"

Hakuna aliyecheka. Nyuma mama mmoja akasema taratibu, "Kumbe hata langu limo." Na mwingine. Na mwingine tena. Wote hao wana macho mazima, na walikuwa tayari kunyoosha mikono.

Kesho yake tuliutembea mpaka huo kwa miguu, Mzee Matimbwa mbele na fimbo yake. Kwenye mkwaju Bwana Ardhi mwenyewe akaurudisha mstari ng'ambo ya mfereji.

Kwenye boti alininunia mwendo mrefu. "Umenivua nguo mbele za watu."

"Nisamehe, bosi. Ila yule mzee angevuliwa shamba."

Baadaye akasema, "Sasa utanisaidia." Na kweli. Tangu hapo, kabla ya safari, alinikalisha nimeligeuzia shuka mgongo, akaeleza ramani kwa mdomo, nami nikaichora mchangani kwa kijiti. Nikikosea, slaidi haijaiva. Maandishi tukayapunguza, herufi tukazikuza zisomeke na wa kiti cha mwisho. Mstari wa mpaka tukauchora kwa vidoti vinene, maana wapo watu ambao nyekundu na kijani kwao ni rangi moja. Na swali la mtu wa mbele tukalirudia kwa sauti, wa nyuma wasikie. Hayo yote ni kazi, si huruma. Ninyi mnaoanza kazi leo na kompyuta zenu nyembamba, msije mkasema hamna muda.

Siku ya kuniaga ofisini, nilipostaafu, walitengeneza slaidi za picha zangu. Mtoto wa jicho alikuwa ameshaniingia. Niliona mwanga na ukungu tu. Ofisa Ardhi mpya, binti mchangamfu, akaanza, "Kama mnavyoona hapa—"

"Hapa wapi, mwanangu?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Yeye akaja akasimama karibu yangu.

"Samahani, babu. Ni mzee yuko kwenye boti. Suruali imelowa mpaka magotini. Shuka jeupe amelikumbatia kifuani, lenyewe halina hata tone."

Nikajiona.