Karatasi ya Mbuzi Wawili

Katika ukoo wetu kuna mzee ambaye kila arusi lazima asengenywe, ingawa kafa zamani hata kaburi lake hatulijui. Ni babu wa babu yake Bibi. Enzi za meli za Kimarekani zilizokuja Unguja na majora ya kitambaa cha merikani, aliuza mbuzi wawili kwa baharia mmoja akalipwa karatasi. Ndogo, kiganja haijazi. Mbele ina maandishi ya Kizungu na majina matatu yaliyotiwa kwa mkono, nyuma ina picha ya jani. Kila duka alilokwenda nayo walimcheka, na Kengeja nzima inamcheka hadi leo. Mimi nikiwa wa kwanza.

Bibi aliihifadhi sandukuni, katikati ya kanga zake na karafuu za kufukuzia wadudu. Mwaka jana niliiiba nikaipeleka skuli, nikawaambia wenzangu ndiyo mahari aliyotolewa Bibi. Darasa likacheka. Mwalimu wetu wa Kiingereza akaichukua ili anichape kwa ushahidi, akaisoma, fimbo akaisahau.

Alisema ni pesa ya Amerika ya wakati nao wanatawaliwa na Mwingereza, kama sisi. Chini imeandikwa kwamba atakayeighushi atauawa. Unguja kuna Mmarekani, fundi kwenye kile kituo chao cha kusikiliza vyombo vya angani, anayekusanya pesa za namna hiyo. Mwalimu akamwandikia. Jibu likaja kwamba mwezi ule ule angefika Pemba, na ikiwa karatasi ni ya kweli, atatoa cha kumpeleka Bibi Makka na kumrudisha.

Bibi anaitaka Makka tangu mama yangu hajazaliwa. Kila msimu wa karafuu huweka kidogo, na kila msimu kitu hukila: mara matanga, mara paa, mara mimi.

Siku tatu kabla ya mgeni, aliniita. Yale majina matatu yalikuwa yamefifia, rangi ya chai iliyomwagwa juzi. Aliona haya kumwonesha mgeni maandishi yaliyokufa. Na chuoni kwetu, tunakosomea Kurani, juzuu ikififia mtoto mwenye mkono mzuri hupewa kalamu ya tete na wino wa masizi azipitie herufi zifufuke, na hizo ni thawabu. Mkono mzuri ni wangu, hilo hata maadui zangu wanakubali. Nikatia udhu. Mimi, niliyewahi kumtilia mwalimu wa chuo kaa mzima katika mfuko wa kanzu, nilikaa asubuhi nzima juu ya mkeka bila mzaha wowote, nikayapitia majina matatu ya makafiri, mkunjo kwa mkunjo. Bibi akaniombea dua.

Mmarekani alikuja na lori la abiria, mwekundu kama kamba wa kuchemsha, akapewa kiti chetu kimoja. Akatoa kioo cha kukuzia. Mwalimu alikuwa anatufasiria. Mgeni aliinua karatasi juani akatuonesha vitu vinavyometa ndani yake kama magamba ya dagaa, na nyuzi za buluu. Vizuri. Akaigeuza, akaifuata mishipa ya jani kwa ncha ya ukucha. Lile lilikuwa jani la kweli lililopigwa chapa, alisema, na hakuna mwizi awezaye kuichonga mishipa ile. Vizuri sana. Bibi akawa anauelewa uso wake bila kufasiriwa.

Kisha akafika kwenye majina. Akasogeza kioo. Akasogeza tena.

Alieleza polepole, kama daktari. Wino wa zamani hugeuka kahawia na huingia ndani ya karatasi. Huu ni mweusi, umekaa juu, bado unang'aa. Pengine chini yake mna majina ya kweli, lakini hawezi kununua pengine. Kwao ameshauziwa mbili za bandia, zilizochemshwa katika chai.

Mwalimu hakungoja. Alinigeukia.

"Umefanya mchezo gani tena, wewe?"

"Nimezifufua herufi, mwalimu."

"Umezifufua. Na kaa je, alikuwa maiti?"

Bibi akanyanyuka mkekani. "Miye ndo nlomwambia. Ntoto hana kosa."

Mwalimu akatabasamu kwa adabu, namna watu wanavyomtabasamia bibi anayemficha mjukuu. Maneno yale hakuyafasiri. Mgeni alinywa dafu, akashukuru, akairudisha karatasi kwa mikono miwili.

Kengeja sasa wana kisa kipya cha arusini, na mwenye kisa yuko hai, anaweza kuitwa asimame wamwone.

Bibi hakunigombeza. Ningependa anigombeze. Mwezi uliofuata jirani yetu mmoja alijaaliwa kwenda Hija, na desturi ni kuwapa mahujaji vitu vya kuchovya Zamzam. Bibi alitoa sandukuni shuka nyeupe, sanda yake aliyojinunulia, akaikunja, akanituma niipeleke.

"Nwambie airoweke yote," alisema. "Asinyunyize."

Jirani aliipokea mlangoni, akaipima uzito.

"Ya nani hii?"

"Ya Bibi."

"Kwani yeye mwakani hendi?"

"Hendi," nikasema.