Mama Mikanda, Bibi Mafuta na gari lililolia tena

Saa moja asubuhi, mwanamke aliyevaa ovaroli ya bluu anainamia injini ya gari la spoti la zamani, la milango miwili, ambalo wekundu wake umepauka kama nguo iliyofuliwa mno. Kwenye usukani ameketi bibi wa miaka sabini na kitu, mtandio kichwani, mguu wa kulia tayari.

"Washa, mama."

Bibi anazungusha ufunguo. Injini inaitika, na papo hapo mluzi mwembamba unasikika ua mzima. Mwanamke ananyoosha mgongo polepole. Jana jioni gari hili lilikuwa kimya, na ameshamwambia mwenyewe aje kulichukua.

"Linalia," anasema bibi, kwa faida ya asiyesikia.

Wenye magari ya zamani humwita fundi huyu Mama Mikanda. Mikanda ya mpira inayozungusha pampu ya maji na altaneta ya kuchaji betri ndiyo riziki yake. Bibi ni mkwewe, na mafundi wa jirani wamempachika jina la Bibi Mafuta. Hajawahi kuendesha gari barabarani hata siku moja, lakini kwa kukanyaga mafuta hana mpinzani.

"Ukimwambia pandisha kidogo, anapandisha kidogo," anasema fundi. "Vijana hawaijui kidogo."

Gereji ni ya marehemu baba mkwe, aliyemfundisha kazi huku mkewe akiwa kwenye usukani huohuo. Mume wa fundi, mwana wa bibi, alikwenda mji mwingine kutafuta maisha, akayapata, na mke mwingine juu yake.

"Nilijua na mama atanifungashia virago," anasema Mama Mikanda.

Bibi anadakia kutoka garini: "Aliyeondoka ni yeye. Mimi nilikuwa na kazi."

Mwezi mzuri huingia magari sita, mwezi mbaya mawili. Nusu ya ua haina paa, na mvua ikinyesha wanafunika injini kwa turubai na kukaa kutazamana. Ndiyo maana gari hili jekundu lina uzito kuliko mengine. Mwenyewe ni nesi mstaafu, mmoja wa wanachama kumi na wawili wa chama cha wenye magari ya zamani. Mwenyekiti wao alisema wazi: likinyamaza hili, na mengine yatakuja. Magari kumi na mawili ni pesa ya paa. Na saa nne hii mwenyekiti anakuja na nesi kusikiliza kwa masikio yake.

Mama Mikanda anachukua chupa ya maji na kudondosha matone machache upande wa ndani wa mkanda unaozunguka. Mluzi unapanda.

"Maji yakizidisha kelele, mkanda umelegea," anaeleza. "Yakiinyamazisha kidogo halafu ikarudi, puli, yale magurudumu yanayobeba mkanda, hazijanyooka. Yasipobadilisha kitu, achana na mkanda, katafute beringi iliyokwisha."

Anamwashiria bibi azime. Kisha anakaa juu ya tairi na kukubali kilichotokea. Jana gari liliingia moja kwa moja kutoka barabarani, naye kwa haraka ya kumfurahisha mwenyekiti akapima mkanda injini ikiwa ya moto, jambo analowakataza wenzake kila siku.

"Chuma kikipata moto kinatanuka, mkanda unakazika wenyewe. Ukiupima hapo, unakudanganya. Usiku injini imepoa, mkanda umelegea, asubuhi unateleza kwenye puli. Kosa ni langu."

"Basi kaza robo," anasema bibi. "Wakija wasikie kimya, waende zao. Kesho tutawaita tena."

Fundi ana spana mkononi na nati iko mbele yake. Anainama, anaishika. Uso wake unaonyesha kwamba anataka kuikaza, na kwa hilo hakuna wa kumlaumu.

"Injini imeshaanza kupata moto," anasema hatimaye. "Nikikaza sasa nabahatisha, na ili nisiaibike nitazidisha. Mkanda utanyamaza. Lakini ukibana kupita kiasi unaila beringi ya pampu. Haifi leo. Inakuja kufia njiani, na nesi yuko peke yake."

Anaulegeza mkanda, anautoa kabisa na kuutundika ukutani. Bibi anamtazama, halafu anatazama pale pasipo na paa.

Saa nne wageni wanafika. Mwenyekiti amevaa viatu vinavyong'aa na anachagua pa kukanyaga.

"Tumekuja kusikiliza," anasema.

"Shikamoo, mzee. Leo asubuhi hakuna cha kusikiliza." Fundi anaonyesha mkanda ulio ukutani. "Jana nilikosea. Nilipima likiwa la moto. Nasubiri lipoe ndipo nianze upya."

"Gereji nyingine wanamaliza kwa saa moja."

"Najua, mzee. Hata mimi jana nilimaliza kwa saa moja."

Mwenyekiti anatazama saa yake, anaaga, anaondoka. Nesi anabaki. Gari ni lake, anasema, na haraka aliiacha kazini.

Saa kumi jioni Mama Mikanda anaweka kiganja juu ya injini na kuridhika. Anaurudisha mkanda, anakaza, anaubana kati ya vidole viwili na kuusokota. Unakubali robo ya mzunguko na kukataa zaidi. Anafunga nati.

"Washa, mama. Pandisha kidogo. Washa taa zote, tuone mkanda ukibeba mzigo."

Kinachosikika ni injini tu. Nesi anampigia mwenyekiti na kuelekeza simu kwenye boneti.

"Husikii kitu?" anauliza. "Ndiyo hivyo."

Anasikiliza jibu, kisha anampa fundi simu. Sauti ya mwenyekiti ni ya mtu asiyependa maneno mengi. "Langu nalileta leo usiku," anasema. "Lilale hapo, ulipime asubuhi likiwa baridi." Kuhusu magari ya wanachama wengine hasemi.

Mama Mikanda anarudisha simu na kujifuta machozi kwa mkono wenye grisi, akijipaka usoni. Anasema pesa ya paa ikipatikana, kwanza ataezeka upande wa magari, halafu upande anakopumzikia mama, japo mama anadai iwe kinyume chake.

"Niliogopa," anakiri. "Nilikuwa nimeshamwahidi mama paa kabla ya mvua."

"Aogope nini?" anauliza Bibi Mafuta, akishuka garini kwa kushikilia mlango. "Mimi si nilimwambia tangu asubuhi asikaze?"

Fundi anamtazama mkwewe, anacheka, wala habishi. Kuna gari linakuja kulala, na bado hawajapata pa kuliweka.