Mnyaa Nyuma ya Kamba

Leo nimekata tawi la mnyaa wangu wa dirishani. Utomvu mweupe umenichuruzika kidoleni, na harufu yake imenirudisha kwenye Jumamosi moja ya mvua ya utotoni, hapa hapa Birmingham.

Baba alitupeleka kwenye bustani ya mimea iliyo ndani ya jumba la vioo ili mama apunge hewa. Tangu simu ile ya msiba kutoka nyumbani Kenya, hakuwa akila vizuri. Alizipita picha zilizotundikwa kwenye ukumbi wa kuingilia bila kuziangalia, hata ile ya punda wa buluu niliyoipenda. Kisha tukaingia chumba cha mimea ya jangwani, chenye joto la kukausha midomo, na mama akasimama mbele ya mnyaa uliozungushiwa kamba.

“Kwa nyanya yako, ua wote unaozunguka nyumba ni huu mnyaa,” baba aliniambia.

Mama akaweka mkoba chini, akakaza kitambaa cha kichwa.

“Hodi, mama,” alisema.

Nilimuuliza baba, kwa Kiingereza, kama nyanya amekuja Uingereza. Baba alivua kofia, akaitika kwa sauti ndogo, “Karibu.”

Mama hakusogea. Mimi nikapita chini ya kamba, nikauzunguka mnyaa wote, nikiutafuta mlango.