Marinda Matano Aliyoyaacha Mama Ornella

Bado sijakubali. Leo asubuhi nimempigia Mama Ornella simu kumuuliza uzi wa kijani aliuweka wapi. Imelia mara nne ndipo nikakumbuka kwamba alitutoka Jumanne.

Uzi wenyewe ni wa kilt aliyokuwa anamshonea binti yake. Aliacha marinda matano hayajashonwa, na Ornella anataka kuivaa kesho kumzika mama yake.

Wengi wenu mlimjua kama Espérance wa kwaya, au yule Mrundi wa housekeeping asiyekubali shuka lenye kunyanzi. Na mnaouliza kwenye comments alikufa na nini: moyo. Alilala mchana baada ya shift, hakuamka. Tuishie hapo.

Mimi nilimkuta kwenye laundry ya apartments zetu hapa Arlington, Texas, 2017. Imani wangu alikuwa na wiki sita, nimembeba mgongoni, nashona suruali yangu ya kazi iliyopasuka huku nguo zinazunguka kwenye mashine. Aliniangalia weee, halafu akaniuliza, "Nani alikufundisha kushona, adui yako?"

Akaninyang'anya sindano. Akafumua yote. Akanirudishia.

"Anza tena, weye."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu.

Kushona alijifunza kambini Tanzania, alikokulia. Huku alishona vitenge vya harusi vya Wakenya na Warundi, Arlington mpaka Fort Worth, na kila pindo kwa mkono. Alisema nguo isiyo na pindo ni kama mtu aliyetoka nyumbani bila kunawa uso.

Sasa, mwaka huu Ornella, miaka kumi na sita, akajiunga na bendi ya wapiga zumari za Kiskoti, zile zenye mfuko unaobanwa kwapani. Msiniulize ilikuwaje. Mtoto wa Kirundi, katikati ya Texas, anapuliza mfuko. Na wote wa bendi wanavaa kilt, ile sketi nzito ya sufu yenye miraba, nyuma marinda, mbele imelala tu.

Za kuazima zote zilikuwa kubwa kwake. Mama Ornella akasema, "Sketi? Sketi inishinde mie?"

Kiongozi wa bendi, mzee mmoja mpole mwenye asili ya huko Scotland, akampa kitambaa yadi nane na karatasi za maelezo. Zilikuwa za Kiingereza, so mimi ndiye nikawa msomaji. Matatizo yakaanzia hapo.

Tulikuwa tunashonea laundry kila Jumapili, yeye akitoka Misa, mimi nikitoka ibada, kwa sababu ile meza ya kukunjia nguo ndiyo pekee iliyoweza kubeba yadi nane.

Nilimwambia cherehani itamaliza haraka. Karatasi inasema mkono, lakini nani atajua?

"Kama ni mkono ni mkono. Weye unayo miwili, mie miwili. Shona."

Kitu cha kwanza tulichofanya, bila kuuliza mtu, ni kukunja pindo. Yadi nane nzima. Jumapili mbili. Nafua, nashona, nafua, nashona.

Mzee akaja kuangalia. Akalishika lile pindo, halafu akasema pole pole kwamba kilt haikunjwi chini. Ukingo wa kitambaa kama kilivyofumwa ndio mwisho wake, na ukiukunja, marinda hayaanguki sawa. Iliandikwa ukurasa wa kwanza. Mimi nilikuwa nimeanzia wa pili.

Nilikuwa nimetoka double shift. Machozi yalikuwa hapa karibu.

Mama Ornella alimtazama mzee, akalitazama pindo. "Muulize huyu babu, kwao hawanawi uso?"

Nikatafsiri. Mzee alicheka mpaka akatafuta kiti.

Tukafumua.

Halafu marinda. Ishirini na sita, na kila moja lazima likunjwe mistari ikutane na ya jirani yake, ili nyuma miraba iendelee kana kwamba kitambaa hakijakunjwa popote. Mimi nikishona moja, yeye anashona matatu na kufumua la kwangu.

Alifika la ishirini na moja.

Ornella aliniambia kitu kimoja tu Jumatano: atapuliza kanisani, lakini si akiwa na kilt ya kuazima. Basi nikaomba off, nikakaa na sindano.

Leo mchana nimemaliza la mwisho. Limepishana kwa mstari mmoja wa njano, mwembamba kama uzi wenyewe.

Ornella akainama akaangalia. "Auntie, it's fine. Nobody's gonna see it."

Nilitaka sana kukubali kwamba hakuna atakayeona. Imani ana homa, vidole vyangu vimetobokatoboka, na mzee anakuja saa kumi kuichukua aweke mkanda na vifungo vya ngozi.

"Mama yako ameshaona," nikamwambia.

Kisha akainuka akaleta mkasi mdogo.

Tulipomaliza kufumua nikampa yeye sindano. Hajawahi kushona hata kifungo. Alishona kidogo, akaharibu, akaniangalia macho yamejaa.

Nikamkumbatia. Halafu nikamwambia, "Anza tena, weye."

Misa ni kesho saa nne asubuhi. Parking ya mbele tuwaachie familia, tafadhali. Na mtoto akianza kupuliza, wekeni simu chini.

Mama Ornella, uzi nimeupata. Ulikuwa kwenye mfuko wa aproni yako ya kazi. La ishirini na sita amelishona binti yako, na mistari imekutana. Chini hatujakunja, ingawa najua bado inakukera.

Lala sasa, dada yangu. Hakuna kilichobaki cha kufumua.